Siku Niliyoipeleka Nyumba ya Mama Kabula Ziwani

Niseme mwenyewe, maana mkisikia kwa wengine watawaongezea chumvi: ni kweli nilizama kwenye tope la Ziwa Rukwa mpaka kiunoni, nikiwa na tai shingoni, mbele ya mkuu wa wilaya, mwenyekiti wa kijiji na kijiji chenyewe kizima, na ni kweli pia kwamba wakati nazama nilikuwa nawaambia watu wote hao, kwa sauti ya kitaalamu kabisa, kwamba tunakaribia kufika nyumbani kwa mtu. Mpaka leo kuna rafiki zangu hapa Sumbawanga wakiniona nakwepa dimbwi barabarani wananiuliza mbona napita kwangu bila kuingia. Nacheka nao, nifanyeje. Ila niwaambie, tope lenyewe siyo lililoniumiza, tope linaoshwa kwa maji na sabuni likaisha.

Mimi ni Mfipa, mtoto wa Msanzi, nyumbani kwetu ni mahindi na ulezi, na kazi ya kuchora ramani niliingia kwa sababu shuleni nilikuwa na mwandiko mzuri (baba alitaka niwe katekista, lakini hiyo ni habari nyingine). Miaka mingi nilichora kwa kalamu ya wino kwenye ofisi moja ya serikali hapa mjini, naharibu karatasi, naanza upya, mgongo unauma, mshahara unachelewa. Kisha ikaja ile miaka ya tisini mwishoni, mnaikumbuka, kila kitu kimefunguliwa, maduka ya Majengo yamejaa redio za kila rangi, ghala za ushirika zimekodishwa kwa watu binafsi, na wafadhili nao wakaanza kuingia na miradi. Mmoja wa miradi hiyo ulitaka kujua Ziwa Rukwa linahama vipi. Maana ziwa lile, kwa asiyelijua, halina adabu ya maziwa mengine: ni pana lakini maji yake hayana kina, mwaka huu liko hapa, baada ya miaka kadhaa limerudi nyuma limeacha uwanda mweupe wa magadi, halafu siku moja linarudi na kumeza mashamba ya watu bila kuaga.

Basi wakatuletea kompyuta mbili, printa ya rangi, na kidude cha kushika mkononi kinachoitwa GPS ambacho kinasema na setilaiti kisha kinakwambia upo wapi duniani. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unachukua ramani ya zamani, unaiingiza kwenye kompyuta, unachukua picha zilizopigwa kwa ndege miaka ya katikati, nazo unaziingiza, halafu unaenda mwenyewe na GPS kutembea ukingoni mwa maji ya leo, unaingiza na hiyo, kisha unapanga zote moja juu ya nyingine kama mtu anayepanga vitenge, unaona ukingo wa ziwa ulikuwa wapi na sasa uko wapi. Ndiyo hiyo GIS waliyokuwa wanaisema sana siku zile. Ofisi nzima nikachaguliwa mimi kwenda Dar es Salaam wiki tatu kujifunza. Jamani, nilivimba! Nilimwambia hadi konda wa basi.

Sasa uamuzi mdogo ulionipeleka kwenye tope ni huu. Alhamisi moja ya wiki ya pili, baada ya chakula cha mchana, kulikuwa na kipindi ambacho kwenye ratiba kiliitwa "msingi wa vipimo", na mimi nikajiambia, msingi wa vipimo, mtu niliyechora ramani miaka yote hii, nifundishwe msingi? Nikateleza nikaenda Kariakoo kununua viatu. Nikanunua kweli, viatu vyeusi vya ngozi, vya ncha, vinalia kwi-kwi ukitembea. Jioni nikamwomba mwenzangu mmoja wa Tabora daftari lake, nikanakili ukurasa ule huku naangalia mpira kwenye televisheni ya hosteli. Kulikuwa na sentensi moja yule bwana ameipigia mstari mara mbili. Nami nikaipigia mstari mara mbili. Kuielewa, sikuielewa.

Nikarudi Sumbawanga mtaalamu. Mwezi wa kumi, jua la kiangazi bado linachoma, nikateremka na gari la ofisi kwenye ngazi za Lyamba lya Mfipa, ule ukuta wa milima unaotenganisha sisi wa baridi huku juu na wao wa joto kule bondeni. (Ukitoka Sumbawanga na sweta, unalivua katikati ya mteremko, ukifika chini unatamani kuvua na ngozi.) Kijiji nilichopewa sitakitaja, wenyeji wake wamenisamehe, sioni sababu ya kuwasumbua tena. Ni kijiji cha wavuvi na wafugaji, Wafipa, Wawungu, na Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Nikatembea ukingoni mwa maji siku mbili, kidude mkononi, nakanyaga matete na kinyesi cha ng'ombe, nikarudi ofisini na ukingo wangu mpya.

Nikaupanga juu ya ramani ya zamani. Nikapigwa na butwaa.

Ukingo wa leo ulikuwa umepanda kuelekea kijijini hatua mia tatu nzima! Kwenye ramani ya zamani nyumba zilikuwa vinukta vyeusi, na vinukta sita sasa vilikuwa vinaogelea kwenye rangi yangu ya buluu. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza, hivi mimi si nilikuwa pale wiki iliyopita, mbona sikuona nyumba yoyote ndani ya maji? Nilijiuliza, msidhani sikujiuliza, lakini nikajijibu mwenyewe kwamba kule matete ni marefu, mtu huoni vizuri, na kompyuta haijawahi kutembea juani ikachoka kama mimi. Nikachapa ramani kwa rangi. Bosi akaiangalia akapiga mluzi. Ikapelekwa wilayani, na wilayani hawakuchelewa, maana miaka michache nyuma ziwa lilikuwa limepanda kweli na kufukuza watu, wakalaumiwa kwamba hawakuwaonya. Amri ikaja: nyumba sita ziwekewe alama, wenyewe wahame kabla ya mvua, na mkuu wa wilaya atakuja kijijini kuwaeleza wananchi. Wa kuweka alama ni nani? Mtaalamu.

Nikarudi na kopo la rangi nyekundu na brashi. Mwenyekiti wa kijiji akanizungusha, ramani ya zamani mkononi, namwonesha kinukta, ananiambia hii ni ya fulani, naweka X ukutani. Nyumba ya nne ilikuwa ya Mama Kabula. Huyu mama ni Msukuma, mjane, yeye na marehemu mume wake walikuja na ng'ombe wao zamani wakainunua ile nyumba kwa Mfipa mmoja aliyehamia mjini, wakaezua nyasi wakaweka bati, bati kumi na nane, wakati ule kwa kijiji kile ulikuwa ufahari. Kaburi la mume liko ubavuni mwa nyumba, limejengewa mawe. Nilimkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Na hiyo rangi unataka kunipakia nyumba? Ningependa ya kijani."

Nikamweleza. Ziwa linakuja mama, nyumba yako imo kwenye maji. Akaweka ungo chini, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaangalia miguu yangu iliyosimama kwenye vumbi jekundu.

"Maji yako wapi, baba?"

Na hapa ndugu zangu ndipo mimi, badala ya kusema ngoja kwanza nikaangalie tena, nikafungua mdomo na kutoa elimu ambayo hakuna mtu aliyenifundisha, si Dar wala kwingineko.

"Yako chini ya ardhi, mama. Yanapanda kidogo kidogo. Kwa macho huwezi kuyaona."

"Ng'ombe wangu wananywea palepale tangu tulipofika hapa," akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayeanza kuogopa. "Ziwa hili mwaka ule lilimchukulia jirani yangu mpunga wote kwa wiki moja. Wewe umesoma. Sasa umesema yako chini?"

"Chini kabisa," nikasema, na nikapaka X yangu, kubwa, yenye mkono mzuri, maana mwandiko wangu mimi ni mzuri toka shule.

Wiki moja baadaye ndiyo siku yenyewe. Mkutano uliitishwa mbele ya lile lililokuwa ghala la ushirika, siku hizo lilikodishwa na mfanyabiashara wa mahindi. Usiku wake mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha bondeni, vumbi limekuwa tope jepesi, hewa inanukia udongo. Mkuu wa wilaya akaja na magari mawili. Mimi nilikuwa na tai, viatu vya Kariakoo vinalia kwi-kwi, na ramani yangu imebandikwa kwenye ubao uliotolewa shuleni. Nikaeleza dakika arobaini. Nikasema setilaiti, nikasema takwimu, nikasema mabadiliko ya ukingo kwa miongo mitatu, mkuu wa wilaya anatikisa kichwa, wazee wanatikisa kichwa, nami kila wakitikisa naongeza. Kisha mkuu wa wilaya akauliza kama kuna mwenye swali, na Mama Kabula akasimama, kajifunga kanga mbili, macho mekundu kama mtu ambaye hajalala.

"Mheshimiwa, shikamoo. Mimi sibishani na serikali. Naomba kitu kimoja tu, huyu baba anioneshe hayo maji, niyaone kwa macho yangu, ili nikiulizwa na wanangu kwa nini nimemwacha baba yao peke yake pale, niwe na la kuwajibu."

Lilikuwa ombi dogo. Ningeweza kusema haya mama, tangulia, twende kwako tukaangalie, ingekuwa hatua chache tu na mambo yangeishia hapo kwa aibu ya kawaida. Lakini mimi nilikuwa na kidude, na kidude kilikuwa hakijaonekana na mkuu wa wilaya.

"Mheshimiwa," nikasema, nikakitoa mfukoni kwa mbwembwe, "nitaingiza hapa namba za nyumba ya mama huyu kama zilivyo kwenye ramani, na mashine hii itatupeleka mpaka mlangoni kwake bila kuuliza mtu. Tukifika, mtaona hali ilivyo."

Nikaingiza namba. Mshale ukatokea. Nikauinua juu watu wauone (hakuna aliyeona kitu, kioo chenyewe kidogo kama kiberiti), tukaondoka, mimi mbele, mkuu wa wilaya nyuma yangu, kijiji nyuma yake, na watoto wanapiga vigelegele maana kwao ilikuwa sherehe. Tukapita njia ya ng'ombe. Tukafika mahali njia inapogawanyika, mshale ukanionesha kwenda mbele, na nikasikia sauti nyuma.

"Baba, kwangu ni huku kulia."

"Mama, niachie mimi."

"Lakini nyumba ile pale, naiona."

"Mama," nikasema bila hata kugeuka, na Mungu ananisikia, nilitabasamu, "mashine haikosei."

Basi tukaiacha nyumba kulia tukaenda kuitafuta. Nyasi zikaisha, matete yakaanza, chini kukawa laini. Mkuu wa wilaya akasimama. Mwenyekiti akasimama. Mimi mshale uliniambia bado hatua tisini, nikaingia kwenye matete na viatu vyangu, hatua sabini, maji kwenye kifundo, hatua hamsini, kwenye magoti, nawapigia kelele walioko nyuma, "Mnaona? Mnaona maji yalivyofika?" na kwa kweli yalikuwa yamefika, sana tu, maana nilikuwa ziwani. Kiatu cha kushoto kikabaki. Nikavuta mguu, wa kulia ukazama zaidi. Hatua kumi. Tope likanikamata kiunoni, tai inaelea mbele yangu, na kidude nilichokuwa nimekiinua juu kama kuhani na kikombe kikalia pi-pi-pi. Tumefika.

Bata maji wawili wakaruka. Halafu kutoka nchi kavu, kwa sauti ndefu ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe, Mama Kabula akaita:

"Hodiii! Hodi hapo kwangu! Wenyewe mpo?"

Jamani, kicheko kile! Kilianza kwa akina mama kikasambaa, wazee wakashikana mabega, dereva wa mkuu wa wilaya alikaa chini kabisa kwenye tope na suruali yake ya kaki. Mzee mmoja Msukuma akasema kwa sauti, "Tumesikia Wafipa mnatuma radi kwenye nyumba za watu, kumbe na kuzihamisha mnaweza!" Na mimi ndiyo ningecheka pia, ila kijana mmoja mvuvi akapaza sauti kwamba pale nilipo ndipo mamba huwa anaota jua asubuhi, kicheko kikakatika, wakaja wawili na mtumbwi, wakaninyooshea upondo, ule mti mrefu wa kusukumia, nikaushika, wakanivuta kama kambale. Nilitoka na kiatu kimoja. Kidude kilikuwa salama, nilikuwa nimekishikilia kuliko nilivyoshikilia roho yangu.

Wakati navutwa ndipo ile sentensi ikanijia, neno kwa neno, na mistari yake miwili chini. Kwamba ramani za zamani zilipimwa kwa msingi wake na setilaiti zina msingi wake, na usipokibadilisha kidude kwanza, kila kitu kitasogea hatua mia tatu. Hatua mia tatu. Ziwa lilikuwa halijasogea hata kidogo. Niliyesogea ni mimi, Alhamisi ile, kwenda Kariakoo.

Mkuu wa wilaya alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko kwa leso. Alikuwa mtu mwema, siwezi kumsema vibaya, akanipa mlango wa kutokea.

"Kijana, mashine imeharibika, siyo?"

Nikaona kila kitu kwa mkupuo: bosi wangu, mradi, ile safari ya pili ya mafunzo niliyoahidiwa. Nikasema, "Ndiyo mheshimiwa. Mashine."

"Basi hakuna neno. Alama zibaki kama zilivyo, wenye nyumba waendelee kujiandaa, tutaomba wataalamu kutoka Dar waje kupima upya. Miezi miwili, mitatu, tutajua."

Watu wakaanza kugeuka kurudi. Mimi nachuruzika tope, nimejiambia nimepona. Mama Kabula hakugeuka. Alibaki amesimama mbele yangu, kicheko kimemwisha usoni, akasema polepole, wala hakuwa anamwambia mtu, "Miezi mitatu. Na bati nimeshayatoa."

Ndipo nikatazama ile nyumba tuliyoipita, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaiona. Ilikuwa haina paa. Kuta tupu na X yangu nyekundu, na miti ya kenchi imebaki juu mitupu. Alikuwa ameyang'oa yote kumi na nane, yeye na binti yake, kwa sababu alisikia serikali ikija kubomoa inabomoa na bati, na bati ndiyo mali pekee aliyoachiwa na mumewe mbali na ng'ombe. Na usiku uliopita mvua ilinyesha. Yale macho mekundu. Alikuwa amekesha ameketi juu ya magunia ya mpunga, kayafunika kwa turubai, yeye mwenyewe analowana, huku akiamini kwamba maji yale sakafuni ndiyo lile ziwa langu la chini linaanza kufika.

Nilijisikia vibaya, ndugu zangu. Sina neno zuri zaidi ya hilo. Nimewahi kufiwa, nimewahi kufukuzwa shule kwa ada, lakini kujisikia vile sijawahi.

"Mheshimiwa!" nikaita. "Mheshimiwa, mashine ni nzima. Nimekosea mimi."

Wakarudi wote. Nikasema mbele yao, kwa kiatu kimoja, kwamba siku ya kufundishwa jambo hili mimi sikuwa darasani, nilikwenda kununua viatu, na kwamba hakuna nyumba hata moja iliyo kwenye maji. Kisha nikafanya pale pale nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo, nikabadilisha msingi, nikaandika zile namba upya kwa vidole vya tope, nikampa kidude mwenyekiti ashike, na mshale ukageuka ukatuelekeza nyuma yetu. Safari hii Mama Kabula alitangulia na mimi nikafuata, na mashine ikalia pi-pi-pi kwenye kizingiti chake, karibu kabisa na kaburi. Hakuna aliyecheka. Mkuu wa wilaya akamwambia mwenyekiti, "Futeni alama zote leo," akapanda gari lake, na gari la ofisi yangu likaondoka nalo bila kuniuliza kama nina usafiri.

Nilifuta mwenyewe. Siku tatu nilikaa kijijini, kaptula nimeazimwa na mwenyekiti, nasugua X sita kwa mafuta ya taa na mchanga, halafu nikapanda juu ya nyumba ya Mama Kabula na kugongelea bati moja moja, yeye chini ananipa misumari na kunikosoa. Hakunitukana. Ingekuwa afadhali angenitukana. Chakula alinipa, ugali na samaki, na siku ya mwisho akaniuliza kama nina mama, nikasema yupo Msanzi, akasema, "Mwambie una kichwa kigumu lakini mdomo ulifunguka." Ofisini nilipewa barua na kupelekwa masijala kubandika mihuri kwenye bahasha, karibu mwaka mzima, na safari ya pili ya mafunzo alikwenda mwingine.

Sikulalamika. Nilipokuja kurudishwa kwenye ramani nilijiwekea sheria ambayo vijana wa siku hizi ofisini wananicheka nayo, kwamba sipaki rangi ya buluu juu ya kinukta cha nyumba mpaka nimekwenda kwa miguu yangu nikabisha hodi, mwenyewe akanikaribisha, nikaona miguu yake imekanyaga nini. Na nikiulizwa jambo nisilolijua nasema silijui. Neno hilo lilinikawia, lakini sasa nalisema vizuri tu.

Ila kuna jambo moja sikuwaambia. Kuezeka sijui, mimi ni mchora ramani, na bati lililotobolewa mara mbili lina matundu mengi kuliko misumari. Mwezi wa kwanza, mvua zimechanganya, niko masijala na gundi yangu, akaingia dereva wa lori la samaki kutoka bondeni, amelowa, anauliza nani hapa ni yule wa ziwa. Nikajitaja, nikajiandaa kutaniwa. Akasema ametumwa na Mama Kabula, na ujumbe alipewa aufikishe kama ulivyo, asipunguze neno:

"Mwambieni yule baba sasa maji yamo ndani kweli, tena yanatoka juu. Aje ayachore."

Jumamosi ile nilishuka bondeni na debe la lami.